Kuosha Nyumba Zinazouzwa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja aliandika ya kwamba kijana amalizaye Kidato cha Nne, asipochaguliwa kuendelea, ana njia mbili tu: kurudi nyumbani kulima viazi, au kutelemka Tunduma kubeba mizigo mpakani. Simlaumu, kwa kuwa ndivyo tunavyoona kwa kaka zetu. Walakini likizo ya mwezi wa sita nilikaa Tunduma kwa mjomba wangu, nami nikafanya kazi ya tatu ambayo mwenzetu hakuitaja. Kazi yenyewe ni kuosha nyumba kwa nje, hasa nyumba zinazotafutiwa wanunuzi. Nimeona faida yake na nimeona hatari yake, na juu ya hiyo hatari ndipo ninapotaka kusema zaidi, maana wengi wanaoishika kazi hii wanaitafuta kwa njia nisiyoipenda.

Msomaji wa hapa Ibaba ataniuliza, nani auzaye nyumba? Ni kweli. Kwetu mtu hujenga kwa ajili ya watoto wake, na nyumba ikiuzwa kijiji kizima hujua ya kuwa kuna jambo. Tunduma si hivyo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu pale watu wapatao 97,000. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta wamezidi 200,000. Hao wametoka kila upande: wenye malori ya kwenda Zambia na Kongo, wafanyabiashara wa mahindi, watu wa forodha, watumishi wa Serikali. Leo yupo, kesho amehamishwa au biashara imemwendea vibaya, naye ataka kuuza upesi. Amtafutiaye mnunuzi ni dalali.

Dalali wa mtaani hana ofisi kubwa. Wengi wana kibao kilichopigiliwa mtini au katika nguzo, kimeandikwa "Vyumba, Nyumba, Viwanja" na namba ya simu, basi. Akimpangisha mtu chumba huchukua kodi ya mwezi mmoja. Akiuza nyumba hupata sehemu ya bei, na wako wanaoongeza cha juu bila mwenye nyumba kujua. Kila nyumba inayouzwa mtaani kwake aijua, na kwa hiyo kijana atakaye kazi ya kuosha huanza kwa dalali.

Nyumba za Tunduma huchafuka kwa namna mbili. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hata wa nne mvua hudondoka kutoka batini, hupiga udongo, na udongo huruka ukutani mpaka karibu na dirisha. Kisha mvua hukatika, vumbi huja, na pamoja na vumbi moshi wa malori, vyote vikashika juu ya tope lile lililokauka. Ukifika mwezi wa sita nyumba iliyopakwa rangi nyeupe mwaka jana yafanana na ng'ombe aliyevuka mto. Mnunuzi akija, kabla hajauliza idadi ya vyumba amekwisha kufanya hesabu moyoni mwake: kupaka rangi upya, kupiga lipu upya, labda na msingi umeoza. Kumbe msingi ni mzima, ni tope tu.

Mjomba alianza kama utingo wa lori, baadaye akanunua mashine ndogo ya presha akawa anaosha malori yaliyopanga foleni. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa, kilichokusudiwa kupunguza foleni ile, alianza kufikiri kazi nyingine, ndipo akaziona kuta. Alikwenda kwa madalali watano. Walimcheka. Mmoja alimwambia, "Nyumba huoshwa na mvua, kaka." Mjomba hakubishana. Alimwomba dalali yule amwonyeshe nyumba moja iliyokaa muda mrefu bila mnunuzi, akaosha nusu ya ukuta wa mbele bure. Alisimamisha ubao mrefu katikati ili maji yasivuke, na alipouondoa palikuwa na mstari ulionyooka toka batini hata chini, upande huu mweupe, upande huu kama chungu. Dalali alisimama akatazama, akatoa simu, akapiga picha. Jioni mwenye nyumba alipiga simu mwenyewe akitaka nusu iliyobaki ioshwe, na hiyo alilipa.

Naona hiyo ndiyo njia nzuri ya kutafuta kazi kuliko zote nilizowahi kusikia. Haihitaji maneno. Mtu akisema "mimi ni hodari", msikilizaji hukumbuka mafundi wote waliomwambia hivyo. Lakini mstari ule ukutani hauna wa kuubishia. Tena siku hizi mnunuzi wa kwanza haji kwa miguu, huja kwa picha. Mtu aliye Mbeya au Mlowo hutumiwa picha katika simu kabla hajapanda gari. Mjomba huwashauri madalali wapige picha asubuhi, saa mbili hivi, ukuta ukiwa umekauka na jua liko chini, na yeye hupanga kazi ili nyumba ioshwe jana yake. Kadhalika hujua majira. Kuanzia mwezi wa sita hata wa nane mahindi yanauzwa na fedha ziko mikononi mwa watu. Wakati huo ndio wa kutafuta viwanja na nyumba, na ndio wakati matope ya masika bado yako ukutani. Aanzaye kutafuta kazi mwezi wa kumi amechelewa.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa watakaojaribu bila kufundishwa. Nyumba nyingi za mkoa wetu ni za matofali ya kuchoma, na katika nyingi matofali yameunganishwa kwa udongo, si kwa saruji. Ukiielekeza mashine pale kwa nguvu zote, utaula udongo ulioshika matofali, na nyumba uliyokuja kuipendezesha utaiacha na meno wazi. Ya matofali mabichi usiiguse kwa mashine kabisa. Tumia ufagio mkavu. Kuvu ya kijani huondoka kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini na brashi, lakini mtu asiichanganye dawa hiyo na ile yenye asidi inayosafishia vyoo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Mwalimu wetu wa Kemia alitufundisha hayo katika Kidato cha Pili, nami sikudhani nitayakumbuka nikiwa juu ya ngazi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Niliporudi shuleni na kuwasimulia wenzangu, mmoja wa bwenini kwetu alisema kazi hii yote ni udanganyifu, kwa kuwa mwuzaji huficha ubovu kwa kuosha. Nilimjibu kwa viazi. Sote tumeona gunia la viazi ambalo mdomoni pana viazi vikubwa kama ngumi na chini pana vidogo kama punje. Huo ni udanganyifu. Kupangusa udongo juu ya kiazi ili mnunuzi akione si udanganyifu. (Kuvitia maji ni jambo jingine, vitaoza kabla ya kufika sokoni, kila mtoto wa hapa anajua.) Nyumba iliyooshwa yaonyesha nyufa zake zaidi kuliko nyumba yenye tope. Mjomba huwaambia wenye nyumba kabla hajaanza, "Nikiosha, ufa utaonekana, je, uko tayari?" Wengine husita, na mmoja alimfukuza.

Lakini mwenzangu hakukosa kabisa, kwa maana kuna vitu ukutani ambavyo si uchafu.

Cha kwanza ni alama ya X. Apitaye barabara kuu ya kwenda mpakani huziona. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza eneo la barabara kuu kutoka mita 45 kuwa mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. X nyekundu hutiwa nyumba iliyo ndani ya eneo la zamani, ambayo mwenyewe hatarajii fidia. X ya kijani hutiwa iliyo katika nyongeza ile, ambayo eneo likihitajiwa mwenyewe hulipwa. Basi mwenye kuifuta X kabla mnunuzi hajafika hakuiondoa nyumba barabarani hata kwa kidole kimoja. Amemfumba macho mtu atakayelipa akiba yake yote, na kama X ilikuwa ya kijani amemficha hata haki yake.

Cha pili ni maneno. Na hapa yanipasa nisimulie kosa langu mwenyewe.

Katika juma la pili la likizo dalali mmoja alimpigia mjomba simu ya nyumba ya kuosha upesi, mteja angefika saa tisa. Tulifika saa nne. Ilikuwa nyumba nzuri ya tofali za saruji, na katika ukuta wa mbele palikuwa na maandishi makubwa ya rangi nyeusi: NYUMBA HII HAIUZWI. Maneno hayo yamejaa katika miji ya nchi yetu, nami nilikuwa nimeyaona mara nyingi bila kuyafikiri. Dalali alisema, "Anzeni na hayo." Mjomba alikuwa bado akitafuta maji kwa jirani. Mimi, kwa kutaka kuonyesha bidii, nilichukua brashi ya chuma na dawa, nikaanza. Rangi ilikuwa nyepesi. Kwa muda mfupi nilikuwa nimekwisha kulifuta neno la kwanza.

Mama mmoja alitokea nyuma ya nyumba, ana mtoto mgongoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia vizuri tu, kisha akauliza, "Mwanangu, nani amekutuma kufuta maneno yangu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwonyesha dalali, naye dalali akasema ya kwamba mwenye nyumba ndiye aliyeagiza, kwa simu, yuko safarini. Mama alisema mwenye nyumba ni mumewe, hajaonekana tangu kabla ya mvua, na maneno yale yameandikwa na binti yake aliye darasa la sita kwa sababu yeye mwandiko wake ni mbaya. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Mjomba alirudi na ndoo, akasikiliza, akamwuliza dalali, "Kaka, mama huyu ametia sahihi mahali?" Dalali akamjibu, "Wewe umeitwa kuosha." Basi mjomba aliweka ndoo chini, akamwomba mama yule samahani, akanituma dukani kununua kopo dogo la rangi nyeusi kwa fedha zake, nami nikaliandika tena neno NYUMBA mahali pale nilipolifuta, watu wakinitazama.

Mwalimu wetu wa Uraia, nilipomweleza, alinionyesha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59. Husema ya kwamba mume au mke hawezi kuiuza nyumba wanamoishi kama mke na mume bila idhini ya mwenzake, na ya kwamba yule mwenzake aweza kuweka zuio ili kuilinda haki yake. Zuio la namna hiyo huandikishwa katika ofisi, kwa karatasi na ada. Mama asiye na nauli ya kufika ofisini huliandika zuio lake ukutani kwa kopo la rangi. Kumbe nilikuwa nimechukua brashi nikafuta hati ya mtu.

Wengine watasema, kama mwenzangu wa bwenini alivyogeuka kusema baadaye, ya kwamba mwoshaji si hakimu. Ameitwa kuosha, aoshe, akalipwe. Mambo ya mume na mke yako kwa wenyewe na kwa baraza. Nami nasema dobi naye si hakimu, lakini akikuta noti katika mfuko wa suruali aliyopewa kufua hujua ya kuwa noti si uchafu. Tena fikirini nani mwingine angemzuia dalali yule. Mnunuzi hayajui maneno ambayo hakuyaona. Mwenyekiti wa mtaa hayuko pale saa nne asubuhi. Mume yuko mbali. Mtu wa mwisho aliyesimama mbele ya maandishi yale alikuwa mimi, mwenye miaka kumi na saba na brashi mkononi.

Lakini sidhani ya kwamba yatosha kuwaambia vijana wawe waaminifu. Hayo tunaambiwa kila Jumatatu mstarini. Naona tatizo liko katika malipo. Dalali hupenda kumwambia mwoshaji, "Osha kwanza, nikiuza nitakukumbuka." Vijana wengi hukubali, maana hawana kazi nyingine, tena sehemu ya bei ya nyumba yaonekana kubwa kuliko ujira wa siku. Mimi nasema wasikubali hata mara moja. Akikubali, tangu saa ile amekuwa mwuzaji wa tatu. Ufa ukionekana ni hasara yake, X ikionekana ni hasara yake, na yule mama mwenye mtoto mgongoni akitokea ni adui yake. Mjomba alikuwa mtu mwema, walakini nakumbuka angalau nyumba moja, zamani alipokuwa akifanya kazi kwa ahadi, ambako alijaza ufa kwa chokaa kwa kuwa aliambiwa mteja yuko njiani. Mvua zilipokuja ufa ulirudi, na mnunuzi akamtafuta yeye, si dalali. Tangu hapo hudai ujira wake ukuta ukikauka, nyumba iuzwe isiuzwe. Ndiyo sababu siku ile aliweza kuweka ndoo chini. Alipoteza shilingi elfu arobaini. Mwenye kungoja fungu la bei angepoteza mara kumi, sijui kama angeiweka.

Kwa hiyo kama mtu ataka kuwapendeza madalali, na awapendeze kwa ule mstari ukutani, kwa kufika saa aliyoahidi, kwa kutovunja vioo, na kwa kufagia uwanja kabla ya kuondoka. Hayo yote huuza. Yasiyofaa ni kuwapendeza kwa kufuta watakacho. Kabla ya kugusa maandishi au alama, aulize jirani mmoja na apige simu kwa mwenyekiti wa mtaa. Dakika tano hazizidi. Tena asiwategemee madalali peke yao. Wenye nyumba wenyewe hulipa vizuri zaidi na hubishana kidogo, hasa watumishi wanaohamishwa, kwa kuwa wao wataka nyumba ionekane na jambo liishe.

Nawaomba na wazazi wasomao gazeti hili, walio na nyumba Tunduma au Vwawa, wasiache habari ya kuosha iwe ya dalali. Mwite mwoshaji wewe mwenyewe, mbele ya mwenzako wa nyumbani, mlipe, ndipo umwite dalali apige picha. Ukiacha dalali amlipe, atamtumikia dalali.

Sitasema ya kwamba mjomba alipata faida kwa jambo lile. Dalali yule aliwapa kazi zake vijana wawili wenye mashine kubwa kuliko yetu, na kwa majuma mawili tulirudia kuosha malori, kazi ya mafuta na matope yasiyokwisha. Mwishoni mwa likizo alikuwa amepata nyumba tatu, mbili kati ya hizo kwa wenye nyumba wenyewe. Ya mama yule nilipita mbele yake siku niliyopanda gari la kwenda Mpemba nirudi huku. Maneno yalikuwapo yote manne... kwa kweli ni matatu, lakini mimi nalihesabu neno langu mara mbili.

Mwenzangu wa bwenini hajakubali hata leo. Asema nimemnyima mjomba ujira wake kwa kuandika tena kitu ambacho hakikunihusu, na ya kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuchagua ukuta. Ameahidi kunijibu katika toleo lijalo, kama Mhariri atampa nafasi. Nimemwomba aanze na swali hili: angekuwa yeye na brashi, mama yule amekwisha kumwuliza nani amemtuma, je, angeendelea na neno la pili?